Kalamu Isiyo na Mwajiri

Mahubiri ya Dominika ya 25 ya Mwaka A



Injili tuliyoisikia leo, kutoka sura ya 20 ya Mathayo, inatupeleka sokoni. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anarudi tena saa tatu, kisha saa sita, kisha saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, jua linapokaribia kuzama. Katika jambo hili sisi tusemao Kiswahili tuna bahati. Wenzetu wa lugha nyingine hulazimika kuelezwa kwamba saa ya kumi na moja ya Injili ni ile ambayo wao huiita saa ya tano ya jioni. Saa yetu na saa ya Bwana ni moja. Twahesabu tangu macheo. Basi twajua vema hali ya mtu aliyesimama sokoni mpaka saa kumi na moja. Miguu imechoka, chakula cha mchana hakukila, na moyoni anatafuta maneno atakayowaambia watoto atakaporudi mikono mitupu.

Mara nyingi Dominika hii huhubiriwa juu ya kijicho cha wale walioanza asubuhi, na juu ya ukarimu wa mwenye shamba. Ni sawa kabisa. Lakini leo tunaomba tukae kidogo na wale waliosimama. Hawakuwa wavivu. Walipoulizwa sababu ya kusimama kutwa bila kazi, walijibu kwamba hapakuwa na mtu aliyewapa kazi, wala mwenye shamba hakulibisha jibu lao. Watu wa namna hiyo wamejaa katika jumuiya zetu, nasi tumechagua kundi moja ambalo halitajwi sana kanisani, yaani vijana wanaotaka kuishi kwa kalamu, wale tunaowaita waandishi wa kujitegemea.

Mwandishi wa kujitegemea si mtumishi wa gazeti, hata kama jina lake huonekana gazetini. Hana mshahara wa mwisho wa mwezi, hana likizo, hana ofisi. Hupeleka habari au makala; ikichapishwa hulipwa, isipochapishwa nauli yake imekwenda na maji. Aweza kuandika habari tano akalipwa moja, tena baada ya miezi miwili. Baba yake akiulizwa na jirani kwamba mwanao anafanya kazi gani, hujikohoza kwanza. Na kwa kuwa hana msimamizi wa kumgongea mlango asubuhi, hakuna amjuaye kama leo amefanya kazi au amelala, ila yeye na Mungu wake.

Kijana mmoja wa namna hiyo alitujia nyumbani kwa mapadre mwanzoni mwa mwaka 2018. Alikuwa na stashahada ya uandishi wa habari na alitaka tumwandikie barua ya kumtambulisha kwa wahariri. Tulimwuliza, “Mwanangu, unaandika saa ngapi?” Akashangaa. “Padre, naandika nikijisikia.” Tukamwuliza, “Na mara ya mwisho ulijisikia lini?” Akacheka kidogo, akatazama chini. Zilikuwa zimepita wiki tatu.

Barua hatukumpa siku ile. Tulimpa ufunguo wa chumba cha mafundisho. Kwaresima ilikuwa inakaribia, tukakubaliana naye hivi: kila siku baada ya Misa ya asubuhi angeingia chumbani humo, angekaa kwenye dawati la watoto, na asingetoka mpaka saa mbili, hata kama ukurasa ungekuwa mweupe kama theluji ya Kilimanjaro. Simu yake angeiacha kwa mtunza sakristia. Hapakuwa na sharti la kuandika vizuri. Sharti lilikuwa kukaa, na ukurasa mmoja.

Huenda msikilizaji akaona kwamba hayo ni mambo madogo mno kwa kipaji kikubwa. Lakini Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 48 ya Kanuni yake, aliwapangia wamonaki saa za kazi ya mikono na saa za kusoma, majira ya baridi na majira ya joto, hakuacha hata kipande cha siku kielee. Alikuwa akiandikia watu waliokwisha kuacha yote kwa ajili ya Mungu! Kama hao walihitaji kengele, sisi je? Wale mliokulia karibu na Ndanda au Peramiho mnaijua kengele hiyo. Haimwulizi mtu kama anajisikia. Na kila parokia yetu ina kengele ya Malaika wa Bwana, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Mtu anayetaka kupanda zoea jipya ni vizuri alifunge kwenye jambo ambalo tayari lipo na halimsubiri yeye, kama vile mkulima anavyoufunga mche mchanga kwenye mti uliokwisha kusimama. Ndiyo sababu tulimfunga kijana wetu kwenye Misa ya asubuhi.

Alikwenda vizuri siku nane. Siku ya tisa malaria ikamlaza. Aliporudi baada ya siku nne alikuwa na uso wa mtu aliyeiba. Akatuambia kwamba sasa ataandika kurasa tano kwa siku, ili alipe zile zilizompita. Tulimkataza. Ndugu wapendwa, hapa ndipo wengi huangukia, na si waandishi peke yao. Mtu anaazimia kusali Rozari kila jioni. Inapita wiki ya msiba, hakusali. Basi anaona aibu kuanza tena, au anajitwisha mzigo mkubwa wa kufidia, unamshinda, anaacha moja kwa moja. Tunapoondolewa dhambi katika kitubio hatuambiwi turudi tukaiishi jana upya. Tunaambiwa twende kwa amani. Kijana huyu naye aliambiwa aandike ukurasa wa leo, basi.

Ilipofika Pasaka alikuwa amejaza madaftari mawili. Kurasa nyingi, mwenyewe alikiri, hazikufaa. Lakini makala tatu zilikuwa nzuri, na alitueleza jambo ambalo hatujalisahau. Alisema kwamba taabu yake haikuwa kuandika. Taabu ilikuwa kukaa. Na baada ya wiki ya tatu taabu hiyo ikaisha, kwa maana miguu yenyewe ilimpeleka kwenye dawati kabla moyo haujaanza kubishana. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba fadhila za kibinadamu hupatikana kwa kurudia matendo mema mara nyingi. Kijana wetu hakuwa amemsoma Thoma.

Sasa, mazoea ya kuandika hayampi mtu kazi. Huyu kijana alikuwa na makala tatu mkononi, naye alikuwa na desturi moja mbaya sana: alimpelekea mhariri mmoja makala moja, kisha akakaa kuitazama simu. Mkulima gani hupanda punje moja ya mahindi akakaa pembeni kuingoja iote? Tulimwomba nusu saa ya mwisho ya muda wake wa asubuhi aitoe kwa ajili ya kutafuta kazi, na atunze daftari la tatu lenye safu chache: nimepeleka nini, kwa nani, tarehe gani, wamejibu nini, wamelipa lini. Makala ikitoka, siku hiyohiyo nyingine ianze. Kabla ya kumwendea mhariri, asome gazeti lenyewe matoleo kadhaa, ajue linaandika nini na kwa urefu gani, kwa kuwa wapo wanaopeleka habari za mpira wa miguu kwenye gazeti la wakulima, wakikataliwa wanasema wamerogwa. Na asiisahau milango iliyo karibu. Chama cha ushirika kilihitaji mtu wa kuiandika taarifa ya mwaka kwa Kiswahili ambacho wanachama wangekielewa. Zahanati ilihitaji karatasi ya maelezo kwa akina mama wajawazito. Familia moja ilitaka wasifu wa marehemu babu yao uandikwe vizuri usomwe kanisani. Mwingine alikuwa na nyaraka za Kiingereza alizotaka zitafsiriwe. Kazi hizi hazimpi mtu sifa mjini, lakini ni za kalamu na ni za halali, na aliyezifanya vizuri huitwa tena.

Alibisha hodi. Milango mingi haikufunguka, naye akaanza kuvunjika moyo. Ndipo tulipomsimulia habari za Mtakatifu Fransisko wa Sales.

Fransisko alizaliwa mwaka 1567 katika nchi ya Savoy, mahali ambapo leo ni Ufaransa. Mwaka 1594, akiwa padre kijana, alitumwa katika jimbo la Chablais, kusini mwa ziwa la Geneva, ambako karibu watu wote walikuwa wamefuata madhehebu ya Kalvini. Alilala ngomeni, akashuka kwa miguu kwenda mjini Thonon kuhubiri, majira ya baridi kali, na wasikilizaji walihesabika kwa vidole. Watu walikatazwa, au waliogopa, kwenda kumsikiliza. Mtu mwingine angerudi nyumbani aseme kwamba soko halipo. Yeye tangu mwaka 1595 alianza kuandika. Aliandika karatasi fupi fupi za kueleza imani, zikanakiliwa, zikabandikwa mahali pa wazi na kupitishwa chini ya milango ya nyumba. Hapakuwa na aliyemwagiza karatasi hizo, wala hapakuwa na aliyemngoja. Ziliendelea kutoka, moja baada ya nyingine, mpaka zilipowafikia wasomaji wake. Baadaye, akiwa Askofu wa Geneva, ushauri aliokuwa akimwandikia mama mmoja aliyemwongoza kiroho ulikuwa msingi wa kitabu kilichotoka mwaka 1609, cha kuwafundisha watu wa kawaida, wenye ndoa na kazi, kuishi kitakatifu mahali walipo. Mwaka 1923 Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa waandishi. Sikukuu yake ni tarehe 24 Januari. Tungependa kuona parokia ikiwakusanya waandishi wake siku hiyo, kama tunavyowakusanya wanakwaya kwa Mtakatifu Sesilia.

Hata hivyo, tusimdanganye kijana. Kalamu peke yake huchelewa kumlisha mtu, na tumbo halingoji. Mtume Paulo, ambaye barua zake tunazisoma karibu kila Dominika, alishona mahema kule Korintho pamoja na Akwila na Priska. Aliwakumbusha Wathesalonike kwamba alifanya kazi mchana na usiku asimlemee mtu. Hapa kwetu, ndugu yetu Mwislamu Shaaban Robert, ambaye watoto wetu wote humsoma shuleni, alianza kazi ya ukarani wa serikali mwaka 1926 na akaendelea na utumishi huo kwa miaka mingi. *Kusadikika* ilipotoka mwaka 1951 na *Adili na Nduguze* mwaka 1952, bado alikuwa karani. Kwa hiyo kijana anayeuza duka asubuhi na kuandika jioni asijione mwandishi nusu.

Sasa tunafika mahali ambapo tungependa kupita haraka, lakini dhamiri haituruhusu.

Mwaka 2019 parokia tuliyokuwa tukiihudumia ilitimiza miaka 50. Tulitaka kitabu cha historia. Tulijua nani wa kukiandika. Kijana yule alikwenda katika vigango saba, kwa basi na kwa miguu, akawahoji wazee waliokumbuka kanisa la kwanza la nyasi. Baadhi yao sasa wamelala usingizi wa amani, na tusingekuwa na sauti zao kama si yeye. Miezi minne alifanya kazi hiyo. Kitabu kikawa na kurasa 64. Siku ya jubilei tulikiuza, kikaisha.

Mpiga chapa tulimlipa. Fundi aliyeshona sare za kwaya tulimlipa. Wapishi tuliwalipa, na mwenye vipaza sauti alitaka fedha yake kabla hajachomeka waya hata mmoja, akapewa. Mwandishi tulimwita mbele ya altare, tukampa Rozari na nakala mbili za kitabu chake mwenyewe, watu wakampigia makofi na vigelegele. Nasi tukasema kwa sauti, kwenye kipaza sauti kilicholipiwa, kwamba Mungu atamlipa.

Hakulalamika. Ila asubuhi hatukumwona tena katika chumba cha mafundisho. Tulisikia ameazima fedha, amenunua pikipiki iliyotumika, anabeba abiria. Tukasema, vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Naam, hivyo ndivyo tulivyosema.

Mwaka 2021 mama yake alikuja ofisini. Ni mama mpole, wa jumuiya ndogo ndogo, ambaye hajapata kugombana na mtu. “Baba Paroko,” alisema, “nina swali dogo tu. Yule mwenye maturubai ya jubilei, alilipwa?” Tukamjibu, “Alilipwa, mama.” “Na aliyeandika kitabu?” Tukanyamaza. Ndipo alipotuambia kwamba nauli ya vigango saba kijana aliikopa kwa dada yake, muuza mboga, na kwamba deni lile lilikuwa bado kati yao.

Tumejiuliza mara nyingi kwa nini tulifanya vile, maana hatukukusudia kumdhulumu. Tunadhani ni kwa sababu mwandishi anafanya kazi akiwa amekaa. Jasho lake halionekani. Mwenye maturubai huja na lori. Yeye huja na karatasi. Tena akiwa mtoto wa parokia, tunahesabu kipaji chake kuwa mali ya parokia. Makatekista mnaotusikiliza sasa hivi mnatabasamu, kwa maana nanyi mmetumwa kigangoni kwa baiskeli miaka nenda rudi, na mkiuliza habari ya posho mnakumbushwa thawabu ya mbinguni. Kujitolea ni kwema, lakini anayejitolea ni yule aliyeulizwa akakubali. Sisi hatukumwuliza. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inaamuru kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa kuwa anautumainia ujira huo kwa moyo wote. Na mwenye shamba wa leo, jioni ilipofika, hakuwahutubia vibarua juu ya malipo ya mbinguni. Alimwita msimamizi wake, akamwagiza awalipe. Wale wa saa kumi na moja walishika dinari mkononi.

Tulipeleka jambo hili kwenye Halmashauri ya Walei. Halikupita kwa urahisi. Mmoja alisema kwamba tukimlipa huyu, kesho wanakwaya nao watadai. Mwingine akasema kijana amekwisha kuacha uandishi, kwa nini tufukue kaburi? Mzee mmoja fundi seremala, ambaye husema mara chache, aliuliza kama kuna aliyewahi kumtengenezea kabati kwa Rozari. Baada ya hapo tulikubaliana upesi. Tuliuliza waandishi wengine wangetoza kiasi gani kwa kazi ya namna ile, tukaongeza nauli, na mhazini akaandika hundi. Tangu hapo parokia ile haimpi mtu kazi ya kuandika, kutafsiri wala kupiga picha bila karatasi ya makubaliano yenye kiasi na tarehe. Tunawasihi maparoko wenzetu na wenyeviti wa vigango mfanye vivyo hivyo, na nanyi vijana msione haya kuiomba karatasi hiyo kabla hamjaanza, hata kwa padre. Hasa kwa padre.

Tulikwenda wenyewe mpaka kijiweni kwake, jua likiwa utosini. Wenzake walipotuona wakavua kofia. Tulimwomba msamaha mbele yao, kwa kuwa makosa yetu tuliyafanya mbele ya watu, tukampa bahasha. Aliifungua, akahesabu tarakimu kwa macho, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba nusu ni ya dada yake.

Halafu akainua kiti cha pikipiki. Chini yake, ndani ya mfuko wa nailoni, palikuwa na daftari. Akatuonyesha. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe juu yake. Ziko siku zilizorukwa, si nyingi, na ukurasa wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ileile, habari za bibi mmoja aliyembeba kwenda kliniki na kuku wake kikapuni. Tulimwambia kwamba tulidhani ameacha. Akasema, “Padre, kuandika sikuacha. Niliacha kuleta.”

Akatuuliza kama tunafikiria kukichapa tena kitabu cha jubilei. Tukamjibu kwamba hatujafikiria, ila tungeweza. Basi, akasema, kabla ya kuchapa apewe nafasi, kwa kuwa katika ukurasa wa 14 mwaka wa kuwekwa jiwe la msingi umekosewa, mzee mmoja alimwambia baada ya sikukuu, na jambo hilo limekuwa likimnyima usingizi.